Barua ya Wazi kwa Wanaopima Familia za Kambove

Kwa Mkuu wa Divisheni ya Mambo ya Jamii ya Jimbo la Haut-Katanga, Lubumbashi;
kwa Waheshimiwa Mahakimu wa Mahakama ya Watoto;
na kwa maasistanti sosiali wote wanaofanya kazi katika teritware ya Kambove.

Yahusu: Namna ya kuchunguza familia kabla ya kumtenga mtoto na wazazi wake

Waheshimiwa,

Kabla mahakama haijaamua mtoto alelewe wapi, na kabla mtoto hajapelekwa katika familia ya malezi ya muda au katika kituo, huandikwa ripoti ya uchunguzi wa kijamii, yaani maelezo ya asistanti sosiali juu ya mtoto, wazazi wake, makao yao, riziki yao na uhusiano wao na majirani. Hata ripoti hiyo ikiwa fupi, uzito wake katika maisha ya mtoto ni mkubwa mno, kwa kuwa hakimu hana macho mengine ya kuiona nyumba ambayo hakuwahi kuingia. Barua hii inaandikwa kwa heshima na kwa uchungu ili kuomba jambo moja, kwamba ripoti hiyo itenganishe waziwazi kile ambacho familia haina na kile ambacho familia inamnyima mtoto ilhali inacho. Maana mambo hayo mawili yakichanganywa, mtoto wa maskini huadhibiwa kwa umaskini wa wazazi wake, na mtoto anayeteswa huachwa mikononi mwa mtesaji mwenye sebule safi.

Sheria ya nchi imekwisha kuweka msingi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtelekeza mtoto, kumtesa na kumshtaki kwa ulozi, na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inataka faida kuu ya mtoto, yaani kile kinachomfaa zaidi kuliko maslahi ya watu wazima wanaomzunguka, itangulie katika kila uamuzi unaomhusu. Kifungu cha 62 cha sheria hiyo kinawataja watoto walio katika hali ngumu, ambao wana haki ya ulinzi wa pekee, wakiwamo mtoto aliyekataliwa au kuachwa, anayezurura na kuombaomba, anayenyonywa katika kazi, na anayeshtakiwa kwa ulozi. Katika ngazi ya dunia, Miongozo ya Umoja wa Mataifa juu ya Malezi Mbadala ya Watoto, iliyopitishwa mwaka 2009, mwaka uleule wa sheria ya Kongo, inasema kwamba umaskini peke yake, au hali zinazotokana na umaskini moja kwa moja, haziwezi kamwe kuwa sababu ya kumwondoa mtoto kwa wazazi wake, na kwamba zichukuliwe kuwa ishara ya familia inayohitaji kusaidiwa. Kanuni iko wazi, na ugumu unaanza pale asistanti sosiali anapobisha hodi mlangoni.

Mlango huo una historia yake. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwatuliza wafanyakazi wake kambini pamoja na wake na watoto wao, ikawapa posho ya chakula iliyohesabiwa kwa kufuata mke na idadi ya watoto, zahanati na shule, na ikafungua nyumba za mafunzo ambamo wanawake walifundishwa kushona, kupika na kupanga nyumba kwa desturi za Ulaya. Katika mpango huo familia bora ilikuwa baba mwenye mshahara, mke mmoja na watoto wao, huku shangazi, mpwa na nkambo, yaani babu au bibi, waliokuja kukaa wakihesabiwa kuwa mzigo. Baada ya kampuni kutaifishwa na hatimaye kuitwa Gécamines, utaratibu huo uliendelea kwa miaka mingi, hata uzalishaji ulipoporomoka kutoka zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya tani 20,000 mwaka 2003, na katika mpango wa kuondoka kwa hiari ulioanza mwaka huohuo wafanyakazi 10,655 wakaacha kazi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga kati ya 1910 na 1997, ameonyesha jinsi mamlaka ya baba yalivyotikisika pale kampuni, iliyokuwa kama baba wa wote, ilipoanguka. Tangu hapo riziki ya Kambove imetafutwa na kila mwenye mikono: mama sokoni na shambani, baba katika mashimo ya machimbo ya mikono, na mara nyingi mno watoto wenyewe, wakiokota mawe na kuosha madini. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika machimbo ya kusini mwa Kongo. Hata hivyo kipimo cha enzi ya kambi hakikufa pamoja na kambi, kwani hadi leo nyumba iliyopangika na baba mwenye mshahara huonekana kuwa ushahidi wa malezi mema, na nyumba iliyokosa vyote viwili hushukiwa kabla mtu wake hajafungua kinywa.

Kongo inajua pia mwisho wa njia hiyo, pale serikali inapoamua kwamba mama fulani hafai kwa sababu isiyohusiana na malezi yake. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba dola la Ubelgiji lilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu kwa kuwachukua wanawake watano, waliozaliwa Kongo wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, kutoka kwa mama zao Wakongomani kabla hawajatimiza miaka saba na kuwapeleka misioni ya Katende huko Kasai, kwa sababu tu baba zao walikuwa wazungu. Maafisa wa enzi hiyo waliamini kwamba wanatimiza wajibu, na walikuwa na makaratasi yao, lakini swali la kama mama alimpenda mtoto wake, alimlisha na kumlinda halikuwa na nafasi katika makaratasi hayo. Asistanti sosiali wa leo hafanani na maafisa wale, na kazi yake ni ya heshima. Mfano huu unatajwa kwa sababu unaonyesha kwamba fomu inayouliza swali lisilo sahihi inaweza kujazwa kwa uaminifu kabisa na bado ikamvunja mtoto kwa miaka sabini.

Inafaa basi kutazama kwa karibu kile ambacho mchunguzi hukutana nacho. Ichukuliwe nyumba ya vyumba viwili katika mtaa wa zamani wa wafanyakazi, saa nne asubuhi, wakati wa masika. Mbabula, yaani jiko la makaa, uko nje karibu na mlango, baridi, na ndani yake kuna majivu ya jana, sufuria imeoshwa na kufunikwa juu ya tofali, nyuma ya mlango kuna chekeche la kuoshea madini na jozi ya mabuti ya mpira yenye udongo mwekundu, watoto watatu wamekaa kwenye mkeka na hawajala tangu jana jioni, mama hayupo. Mgeni mwenye haraka ataandika kwamba hakuna chakula, hakuna mtu mzima, mazingira ni machafu, na kuna dalili ya kazi ya machimbo, na kila neno litakuwa kweli. Akirudi saa kumi na mbili jioni atamkuta mama amefika na meka moja ya unga, kipimo ambacho wauzaji wa Katanga hutumia sokoni, makaa ya kutosha moto wa usiku mmoja na fungu la mboga ya lengalenga. Atauona mbabula ukiwaka, bukari, yaani ugali, ikisongwa, watoto wote watatu wakinawa mikono katika beseni moja na kula katika sahani moja, na kijana mkubwa akieleza alichosoma shuleni mchana. Nyumba ni ileile na umaskini ni uleule, ila ripoti ya jioni inaeleza familia inayokula mara moja kwa siku kwa sababu fedha inatosha mlo mmoja, na ambayo imeupanga mlo huo ili kila mtoto apate.

Nyumba hiyohiyo, jioni hiyohiyo, ingeweza kusema jambo jingine. Huenda watoto wawili wakala katika sahani na wa tatu, mtoto wa kambo aliyeletwa baada ya kifo cha mama yake, akangoja masalio. Huenda wawili wakawa na daftari na wa tatu akawa ndiye mwenye mabuti yale ya mpira. Huenda wawili wakalala chumbani na wa tatu jikoni. Hapo ndipo kilipo kipimo ambacho barua hii inaomba kiwekwe katikati ya kila uchunguzi, kwa kuwa hakihitaji mashine wala mtaalamu wa ng'ambo: kumlinganisha mtoto na watoto wenzake wa nyumba ileile. Njaa iletwayo na kupanda kwa bei ya unga, kama ilivyotokea Haut-Katanga mwaka 2023, huwagusa watoto wote waliolala chini ya bati moja, lakini njaa inayomchagua mmoja kati yao ina mkono wa mtu nyuma yake. Kipimo hicho kina mpaka wake, kwa sababu ziko nyumba ambamo watoto wote wanateswa sawasawa, na kwa hiyo hakiondoi wajibu wa kutazama makovu, woga na ukimya wa mtoto. Lakini kikitumiwa kwanza, kitawatenganisha watoto wengi wanaohitaji unga na wale wanaohitaji kuokolewa.

Wachunguzi wa nchi nyingine wamepambana na tatizo hilohilo. Mwaka 2000 serikali ya Uingereza ilitoa mwongozo unaochora familia kama pembetatu: upande wa kwanza ni mahitaji ya mtoto katika makuzi yake, wa pili ni uwezo wa wazazi kuyatimiza, na wa tatu ni familia pana pamoja na mazingira, yaani nyumba, kazi, kipato na majirani. Faida ya mchoro huo kwa Kambove ni kwamba unamkumbusha mchunguzi kutazama upande wa tatu kabla ya kuhukumu upande wa pili, ili mama asilaumiwe kwa kukosa maji safi mahali ambapo bomba la mtaa mzima limekauka, wala kwa kukosa cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyezaliwa mbali na ofisi ya serikali, ambako siku 90 zinazotolewa na sheria za kuandikisha mtoto bila malipo zilipita bila mtu kumweleza. Vivyo hivyo kwa shule: elimu ya msingi ya serikali haina karo tangu Septemba 2019, lakini sare, viatu na madaftari bado ni gharama ya mzazi, na sekondari bado inalipiwa, kiasi kwamba mtoto aliyeacha shule hawezi kueleweka bila kujulikana aliachia darasa gani na kwa deni gani.

Upande huo wa tatu una utajiri ambao ripoti fupi huuacha nje, nao ni jamaa. Katika Kiswahili cha Katanga neno hili linabeba zaidi ya baba, mama na watoto. Linamkusanya baba mkubwa, mama mdogo, shangazi, mjomba na nkambo, na kila mmoja wao ana haki na wajibu unaojulikana. Haki hizo hazifanani kwa watu wote wanaoishi pamoja Kambove, kwa kuwa kwa Balamba na Babemba mtoto huhesabiwa upande wa mama na mjomba ana sauti kubwa, ilhali kwa Baluba wa Katanga upande wa baba ndio unaotangulia. Mchunguzi asiyeuliza jambo hilo anaweza kuandika kwamba mtoto hana mlezi, wakati mjomba wake yuko Likasi, si mbali na hapo, akingoja kuitwa. New Zealand ilijifunza somo hili kutoka kwa Wamaori, waliolalamika kwamba watoto wao walichukuliwa bila ukoo kusikilizwa, na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1989 ikaweka kikao cha familia, ambamo ukoo hukutana, huelezwa hatari iliyopo, kisha huachwa peke yake kupanga namna ya kumlinda mtoto kabla dola halijaamua. Kwa watu wa Kambove kikao cha namna hiyo hakihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo, kwa sababu misiba, ndoa na ugomvi huamuliwa hivyo kila juma. Kinachohitajika ni ripoti kukitambua na kuandika maamuzi yake.

Kwa upande mwingine, kuheshimu jamaa kusigeuke kuwa kificho cha ukatili. Shtaka la ulozi kwa kawaida hutoka ndani ya jamaa yenyewe, baada ya kifo, kufukuzwa kazi au ugonjwa usioeleweka, na humwangukia yatima, mtoto wa kambo au mtoto mwenye kifafa au anayekojoa kitandani. Kisha mtoto hupelekwa kwa mchungaji, akafungiwa katika chumba cha maombi, akanyimwa chakula kwa jina la kufunga, akapigwa ili akiri. Sheria ya mwaka 2009 inalikataza shtaka hilo, na katika kifungu cha 160 inamwadhibu mshtaki kwa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu na faini. Mbele ya shtaka la namna hiyo, kipigo kinachoacha alama, unajisi, au mtoto kushushwa shimoni, uchunguzi hauna haja ya kungoja ziara ya pili: mtoto aondolewe kwenye hatari siku hiyohiyo, na maswali mengine yafuate akiwa salama. Hekima ya kazi hii iko katika kujua wakati wa kwenda polepole na wakati wa kukimbia, na hekima hiyo haiwezi kudaiwa kwa mtu aliyepewa siku moja, bila nauli, kwa kata nzima.

Kwa sababu hizo, Waheshimiwa, yanaombwa mambo yafuatayo. Kwanza, pasipo na hatari ya papo hapo, ripoti ya uchunguzi isikamilike kabla ya ziara tatu za saa tofauti, moja ikiwa ya jioni wakati wa chakula, na saa ya kila ziara iandikwe. Pili, kila upungufu unaotajwa uandikiwe chanzo chake, iwe ni ukosefu wa fedha, ukosefu wa huduma ya serikali au uamuzi wa mlezi, na hali ya mtoto ilinganishwe na ya watoto wengine wa nyumba hiyo. Tatu, mtoto asikilizwe peke yake, mbali na walezi, katika lugha anayoiota usiku, iwe Kiswahili, Kisanga, Kilamba au Kiluba, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema kabla ya kufasiriwa kwa Kifaransa. Nne, kikao cha jamaa, pande zote mbili za baba na mama, kifanyike kabla ya mtoto kupelekwa katika kituo, isipokuwa pale ambapo jamaa yenyewe ndiyo yenye kushtakiwa. Tano, majirani na wajumbe wa RECOPE, ile mitandao ya wanajamii ya ulinzi wa mtoto iliyopo mitaani, waulizwe, kwa kuwa wao husikia kilio cha usiku ambacho mgeni wa mchana hawezi kukisikia. Sita, mtoto aliyerudishwa au aliyehamishwa atembelewe tena, kwani uchunguzi usiofuatiliwa humwacha pale ulipomkuta.

Gharama ya mambo hayo haiwezi kuachwa mabegani mwa asistanti sosiali. Kambove imetoa shaba kwa zaidi ya miaka mia moja, na sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inaelekeza asilimia 15 ya mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayoyatoa ardhini, kwa mamlaka za serikali za mitaa za mahali yanapochimbwa, na inazitaka kampuni zitenge asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Divisheni inaombwa kukaa na mamlaka hizo ili sehemu ya fedha hiyo ilipe mishahara na pikipiki za maasistanti sosiali, na iunde mfuko mdogo wa unga, sare na dawa ambao mchunguzi anaweza kuutumia papo hapo, kwa sababu ni aibu kwa nchi kutumia fedha nyingi kumlisha mtoto kituoni baada ya kukataa kiasi kidogo ambacho kingemwezesha kula kwao.

Linabaki ombi la saba, ambalo pengine ndilo jepesi kuliko yote. Sokoni Kambove unga hupimwa kwa meka mbele ya macho ya mnunuzi, ambaye huangalia kama kipimo kimejaa, na akiona kimepunjwa husema, na muuzaji huongeza. Mama anayepimwa kama anafaa kumlea mtoto wake hana leo nafasi hiyo, kwa kuwa kipimo chake huandikwa kwa Kifaransa, hufungwa katika bahasha na kufika mahakamani kabla hajajua kilichomo. Inaombwa kwamba kila ripoti isomwe kwa Kiswahili mbele ya familia inayoihusu kabla ya kutiwa sahihi, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungemhatarisha mtoto, na kwamba chini yake ibaki nafasi ambamo maneno ya mama, ya baba au ya nkambo yataandikwa hata kama hawajui kusoma, ili hakimu, siku ya kuamua, ayaone maneno ya mpimaji na ya mpimwa katika karatasi moja.

Kwa heshima na tumaini,

Kambove, Haut-Katanga